Maji ya Mchicha

Jumatatu, 3 Machi

Potasiamu ya Baba imepanda tena. Kasema daktari wa figo, asubuhi, bila hata kukaa. Ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Figo zake haziitoi tena. Kuna mashine ya kusafisha damu, na nayo haifui dafu. Akauliza anakula nini. Nikamtajia kama tulivyoelekezwa: maji nusu lita kwa siku, ndizi hakuna, parachichi hakuna, mchicha uchemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe.

Mnayamwaga kweli?

Tunayamwaga, nikasema. Chanzo changu: Mama.

Baba koridoni, midomo imepasuka: "Nimekuwa ngamia. Nibebesheni mizigo basi!" Alicheka peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Mhariri wa gazeti letu anataka ukurasa mzima wa Jumapili: maji na mboga za majani. Nimempigia mtaalamu wa lishe. Maji husafirisha virutubisho na kutoa taka mwilini. Nyuzinyuzi hulainisha choo. Rangi ya kijani na nyekundu ya mimea ina viambato vinavyokinga seli. Sawa yote — kwa mwenye figo nzima. Nikaongeza aya moja kuhusu wagonjwa wa figo. Mhariri kaitoa. Inatisha watu, bwana, Jumapili watu wanapumzika. Nimeirudisha, fupi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme ulikatika ofisini, nikarudi mapema. Mama jikoni. Mchicha kwenye chujio, chini yake bakuli, ndani ya bakuli maji ya kijani. Anayamimina kwenye chupa ya chai.

"Nini hicho, Mama?"

"Supu ya baba yako."

Kumbe. Majani anampa mchana, yamechujuka, hayana ladha. Maji anampa asubuhi, ndani ya ileile nusu lita. Anapima kwa kikombe alichochora mstari kwa rangi ya kucha. Hajazidisha hata tone!

"Nguvu yote imo humu," akasema. "Niimwage, halafu nimlishe makapi? Nyie wote nimewakuza kwa maji haya."

Nikamweleza. Potasiamu hutoka kwenye majani, huingia kwenye maji. Ndiyo maana ya kuyamwaga. Mama hakulia. Alishika ukingo wa sinki.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, Mama."

"Uongo huuwezi, mwanangu. Kazi yako imekuharibu."

Kaniomba Baba asijue.

Ijumaa, 7 Machi

Baba anajua. Kaniita chumbani, kaniambia nifunge mlango. "Usimkazie mama yako. Daktari aliposema mmwage, si nilikuwa nimekaa palepale? Masikio hayajaugua."

Sasa ulikunywa kwa nini?

"Ndicho kitu pekee chenye ladha kutwa nzima." Akavuta shuka. "Halafu mama yako hukaa na mimi mpaka nimalize. Saa nyingine zote ananikimbia, anaogopa nitamwomba maji."

Akasema nisimwambie Mama.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi hakukuwa na supu. Baba hakuuliza. Miguu imevimba. Walizungumza habari ya dawa tu.

Jumapili, 9 Machi

Ukurasa umetoka. Picha ya glasi ya maji, fungu la mboga. Aya yangu haimo.

Saa nne jirani akabisha hodi, gazeti kwapani, mchicha wa bustanini kwake mkononi. "Mpe mzee, apate nguvu. Si mwanao mwenyewe kaandika!" Mama akashukuru. Alipoondoka jirani, hakunitazama. Akaosha, akakata, akabandika sufuria.

Naandika haya kwenye meza ya jikoni. Mchicha umeiva. Kashauchuja. Kasimama mbele ya sinki na bakuli la maji ya kijani, mvuke unampiga usoni.

Baba anaita kutoka chumbani: "Bibie! Supu ya leo nayo umeninyima?"

Mama kageuka, kaangalia kikombe chenye mstari. Bado hajamwaga.

Kipimo cha damu ni kesho, saa mbili asubuhi.