Mpini wa Jembe la Mama Kalista

Mtaa wa Izia,
Sumbawanga.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Teodori,

Habari za Tunduma? Natumaini wewe na Hellena hamjambo, na kifua cha mtoto kimetulia. Huku mvua bado inanyesha. Mimi naendelea, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia.

Bega nililoumia nikipakia magunia ya mahindi lilifanyiwa upasuaji baada ya Krismasi. Kidonda kimefunga, kilichobaki ni mazoezi. Mama mdogo Kalista, mama yako mzazi, alikuja kuniuguza na mpaka leo yuko hapa. Alikuja na jembe lake, akitumaini kupata kibarua cha palizi.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini, Dada Herieth, alisema nitafute fimbo, niishike kwa mikono miwili, mkono mzima uuinue mgonjwa. Tulipofika nyumbani mama aligonga jembe, akachomoa mpini, akanipa.

Mdogo wangu, niliogopa maumivu. Mama akienda kuteka maji, mpini nauegemeza ukutani, naketi. Akirudi namwambia, "Nimeshafanya, mama." Tena nisikufiche, kupikiwa uji wa ulezi baada ya miaka mingi ya kujipikia kulinikolea.

Wiki tatu zilizopita Herieth alipima mkono, ukaishia usawa wa bega. Akamwuliza mama, si mimi, "Huyu anafanya kweli?"

"Anafanya, mwanangu. Ni mgumu tu kama baba yake."

Nilitazama sakafu. Bado sijamwambia ukweli, ingawa nadhani anajua.

Nimemwomba arudi kijijini. Akasema, "Nikuache kama kuku aliyevunjika bawa? Nitakwenda siku utakayonitolea ule utando wa buibui kwenye kenchi ya paa." Na shamba lake limejaa majani, wenzake wameshaanza kufukia ya kwao kwenye matuta yaoze yawe mbolea. Mvua ikikatika udongo utakuwa mwamba, na msimu ujao hatakuwa na pa kupanda ulezi. Uvivu wangu ndio unaomweka hapa.

Sasa nafanya mazoezi mbele yake, machozi yakinitoka. Jana niligusa juu ya mlango. Mama akacheka, akasema buibui bado amelala salama.

Nakuomba uombe ruhusa kazini, ukamfukie majani hata kipande kimoja kabla mvua haijaisha.

Nisalimie Hellena, na shemeji Flavian. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Wako akupendaye,
kaka yako Zenon.

Jembe azima kwa Leonardi, jirani wa mama kijijini. La mama liko huku, halina mpini.