Alama Moja kwenye Mdomo wa Mtutu

Jumatatu, 3 Februari
Nimepeleka chakula shambani kama kawaida. Ugali na samaki mkavu wa Kalokol. Binti yangu Akiru ndiye askari wa kike pekee katika mashamba yote ya mtama hapa Lodwar. Namwambia kila mtu. Jirani yangu Mama Ekal amechoka kunisikia. Achoke tu. Haji, tajiri wa shamba, anataka kumpeleka Kakuma akafundishe askari wa ghala lake. Nani mwingine amezaa hivyo?

Jumatano, 5 Februari
Leo binti amenifundisha bunduki. Kuna vibomba vifupi vya chuma, unafunga kimoja kwenye mdomo wa mtutu. Vinaitwa choki. Ya kubana inakusanya marisawa, zile chembe za kupiga ndege, zifike mbali bila kutawanyika. Ya wazi inaziacha zisambae. Lakini risasi ile moja nzito ya fisi usiipitishe kwenye choki ya kubana, mtutu unaweza kupasuka. Nimeshika yote. Niliishia darasa la nne, ila kichwa ninacho. Mama Ekal akaniuliza, "Sasa wewe ni jeshi?" Wivu.

Ijumaa, 7 Februari
Fisi amekula mbuzi wawili wa shamba. Akiru atamvizia jioni. Alitoa choki zote kuzisafisha, akaenda mtoni kuoga. Nikaona nimsaidie. Moja ina mkato mmoja pembeni, nyingine mitano. Mikato mingi si ndiyo kubana zaidi? Nikafunga ya mmoja, ndiyo ya wazi. Akarudi, akakuta kazi imeisha. Asante mama, akasema. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 8 Februari
Mtutu umepasuka. Chuma kimeingia jicho lake la kulia. Tuko hospitali. Siwezi kuandika.

Jumanne, 11 Februari
Jicho limetolewa.
Haji alikuja na fundi wa bunduki. Fundi akasema ni choki ya kubana. Mkato mmoja ndiyo kubana kabisa, mitano ndiyo wazi. Nilipindua. Haji akauliza nani alifunga. Akiru akasema, "Ni mimi." Anatazama ukuta. Na mimi nimesimama pale nimeshika soda yake. Sikufungua mdomo. Mimi, ninayeongea kutwa.
Haji amesema Kakuma basi. Hataki mwalimu mzembe.
Najichukia.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeenda Kakuma. Nimemkuta Haji ghalani, nikamwambia mbele ya wapagazi wake: mkono ulikuwa wangu, mtoto hana kosa. Alinipa kiti. Akasema, "Pole sana, mama. Lakini mwenye bunduki hutazama mdomo wa mtutu mwenyewe kabla ya kuweka risasi. Hata kama amefungiwa choki na mama yake." Nafasi ameshampa mwingine.
Njia nzima ya kurudi nimelia, vumbi likanigandia usoni.

Jumapili, 16 Februari
Akiru ametoka hospitali. Nimemweleza nilikokwenda. Amekasirika. Amesema sikuwa na haja ya kujiaibisha. Mama Ekal naye nimemwambia yote. Hakucheka. Alituletea maji, akaenda zake.
Jioni tumechambua maharagwe nje. Nilikuwa nimekaa kulia kwake, na kila nikisema kitu anageuza kichwa chote kunitafuta. Nikabeba kigoda changu, nikahamia kushoto.