Bima ya Macho na Herufi Nilizokariri

Jumanne, Nyarugusu. Vumbi la mashine za kusaga mawe limetanda tangu asubuhi, na mimi nina hasira na mtu mmoja tu. Mimi mwenyewe.

Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Punje unaisugua kwenye jiwe jeusi, unautazama mchirizi, unajua hii dhahabu, hii shaba. Siku hizi michirizi yote naiona ina ukungu. Juzi nimenunua shaba. Sikumwambia mtu, lakini mke wangu alinitazama usoni akajua.

"Baba Kulwa, hiyo kadi ya bima umeitunza kama picha ya harusi. Nenda kapime macho."

Bima tulikatiwa na chama chetu cha wanunuzi. Leo nikaenda nayo Geita mjini. Binti wa mapokezi akanieleza kwa upole: bima inalipia kupima macho mara moja kwa mwaka, na miwani ya kawaida daktari akiandika kwamba unaihitaji. Ukitaka fremu ya kifahari au lenzi za kubadilika rangi juani, unaongezea mwenyewe.

Mimi nilikuwa nasikilizia mtego uko wapi. Mtu anayetabasamu kabla ya bei simwamini.

Nikawaza: wakiandika kwamba sioni, karatasi inakwenda wapi? Kwa chama, bila shaka. Na chama ni wanunuzi wenzangu. Mpaka Ijumaa machimbo mazima yatajua, na kila mwenye shaba atapanga foleni kwangu.

Basi nikajifanya mjanja.

Nyuma ya pazia alikuwa anapimwa mwalimu mstaafu, anasoma herufi za ukutani kwa sauti kama yuko darasani. Nikazikariri zote. Zamu yangu ilipofika nikazimwaga mpaka mstari wa chini, ambao kwa kweli niliuona kama sisimizi wanaohama.

"Mzee, una macho ya kijana," daktari akasema, akaandika kwamba sihitaji miwani.

Nikarudi mapokezi kifua mbele, nikaomba miwani yangu. Nilidhani ni haki ya kila mwenye kadi; lile sharti la daktari kuandika lilinipita nikitafuta mtego.

"Miwani ya nini, mzee? Si unaona vizuri?"

Na kipimo cha mwaka huu nimeshakitumia.

Mama Kulwa amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akaniuliza taratibu, "Na akija mtu na punje, utamsomea zile herufi?"

Duka nimelifunga, majirani nimewaambia tumbo linanisumbua. Punje nyingine moja ya shaba na hilo duka litafungwa moja kwa moja.

Kesho narudi kumwambia daktari ukweli. Akitaka nilipie kipimo mfukoni, nitalipa. Ila kwanza nitamuuliza yule binti ile karatasi inapelekwa kwa nani, swali ambalo leo nililijibu mwenyewe bila kuuliza.

Na nikimkuta mtu anasoma nyuma ya pazia, nitasubiri nje.