Duccio wa Kwanza, Mimi wa Pili, Ufadhili Mmoja

Mpendwa Shangazi Iolanda, naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hapa nilipofika nimechoka hata kulia. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, wa hapa hapa Pistoia, baba yangu anafanya kazi kwenye vitalu vya miche, na mimi nimesomea historia ya zamani, zile karne za mahujaji na watawa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za wanawake wa milimani waliokuwa wakilipwa na hospitali ya mji kunyonyesha watoto waliotupwa mlangoni, wanawake ambao hakuna aliyejali kuwaandika, nami nikajiapiza kwamba nitawaandika mimi kwenye shahada ya uzamivu, mradi nipate wa kunifadhili. Mwaka jana niligombea ufadhili nikakosa, mwaka huu nimegombea tena, na ufadhili ni mmoja tu kwa fani yetu, na matokeo yalipobandikwa wa kwanza ni Duccio na wa pili ni mimi, na wa pili, Shangazi, anaruhusiwa kusoma lakini hapewi hata senti.

Duccio ni mchumba wangu. Kusoma miandiko ya Kilatini cha zamani nilimfundisha mimi, kwenye meza ya jikoni kwetu, tukila supu ya maharage na mkate wa jana, kwa hiyo hata kumwonea wivu naona aibu. Sasa shida ni kwamba ameshika nafasi ya kwanza pia kwenye chuo kimoja cha kaskazini, na huko nako kuna ufadhili, na anatakiwa achague kimoja kabla ya Ijumaa adhuhuri, akijitoa huku kwetu ufadhili unanishukia mimi, akibaki ndiyo basi. Wiki iliyopita alinipigia akaniuliza, "Niambie ukweli, mpenzi, nikibaki wewe utaishije?" Nami sijui nilipatwa na nini, nikamjibu, "Usihangaike na mimi, kuna wakfu mmoja wa mji wa Lucca wamekubali kunifadhili." Akacheka kwa furaha. "Basi nabaki. Nani anataka kwenda kumeza ukungu kule?" Nami nikazidi kumtia maneno, kwamba kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na watu hawasalimiani.

Hakuna wakfu, Shangazi, wale wa Lucca walishanikataa tangu Machi. Nilidanganya kwa sababu akienda kule atanisahau, najua. Profesa wangu anasema, "Anza hivyo hivyo bila fedha, binti yangu, ukishakuwa ndani mengine yatajipa," na baba naye juzi, akivua viatu vyake vyenye udongo, akaniuliza, "Hao wafu wako wa miaka mia sita wamekuwekea nini mezani? Nimekuombea kazi kwenye miche, Jumatatu unaanza." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nikisema ukweli nitaonekana namfukuza ili nichukue nafasi yake, nikinyamaza nitapanda miche huku namwangalia yeye akisoma, nifanyeje?

Wa Pili, Pistoia

Wa Pili, mwanangu,

Pole. Nakupa pole moja tu, maana nikikupa mbili utakaa nazo ulie tena, na gazeti hili linatoka Jumatano.

Umejifungia mlango kwa mkono wako, kisha unalia uko nje. Duccio alikuuliza swali la mtu mwenye moyo, tena akakuomba ukweli, wewe ukampa wakfu wa hewani. Sasa anabaki kwa ajili ya msichana asiyekuwepo, yule mwenye fedha za Lucca. Huyo si wewe. Huyo akijulikana kuwa ni uongo, na atajulikana kabla ya Krismasi, unafikiri mchumba wako atakushukuru?

Huyo profesa wako mwache na maneno yake. Yeye mshahara unaingia. Kuanza bila fedha ni miaka mitatu ya kuwafanyia watu kazi bure, na nimepokea barua nyingi mno za waliosubiri mengine yajipe. Usitie saini nafasi hiyo. Baba yako mheshimu, miche nayo ni kazi, na ukikosa utaanza Jumatatu na utagombea tena mwakani ukiwa na udongo kwenye kucha. Hakuna aibu hapo.

Ila leo mpigie Duccio. Usimwambie aende, usimwambie abaki. Mwambie, "Nilikudanganya, sina ufadhili, na niliogopa utaniacha." Maneno hayo tu, kisha nyamaza, hata akikasirika, na atakasirika. Sikuahidi kitu. Anaweza kwenda na asirudi. Anaweza kubaki akijua, na hapo utakuwa umekosa ufadhili na umemjua mtu. Lakini ukinyamaza utaolewa naye, utakaa naye kwenye meza ile ile ya jikoni, utamchukia kila akifungua kitabu, na maskini hatajua kosa lake.

Wale wanawake wa milimani wamekaa miaka mia sita bila mtu wa kusema habari zao. Wewe una ulimi, una simu, na una mpaka keshokutwa. Kama umefika mstari huu na bado hujampigia, basi usiniandikie tena kuuliza uchague nini, umeshachagua.

Shangazi Iolanda