Mkwe wa Sauti Tu

Jumatatu, 7 Julai
Sauti ya tisa nimeirekodi kwenye telefone, imeenda. Baridi, vumbi la mtaa wetu wa Katuba kooni, nimekohoa mara mbili katikati. Sikurudia. Miaka thelathini na moja nilifundisha kwa chaki, sikuwahi kurudia somo kwa ajili ya kikohozi. Sasa nina mwanafunzi mmoja tu, wa salamu za Kiluba: Fabrice, mchumba wa binti yangu Nadège. Kazaliwa Liège, huko Ulaya wanakokaa, anajua Kifaransa basi. Kwetu Waluba, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Lakini sauti haikukatazwa na mtu. Hii telefone nilikuwa naitukana. Siku hizi naichaji kabla sijanywa chai.

Jumanne, 8 Julai
Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, amepita. Ndiye atakayempokea Fabrice Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Amesema: "Kama hajue kutuamukia mu Kiluba, arudie na avion yake." Hatanii, atamrudisha kwenye ndege kweli. Akikataa yeye, hakuna ndoa. Nadège amelia kwenye simu. Nimekasirika, halafu nimetuma sauti mbili badala ya moja. Makofi ya heshima: viganja vikunjwe kidogo, polepole, usikimbize. Nimeweka telefone mezani nikapiga. Jirani ameuliza kama nimehamia kanisa lingine.

Jumatano, 9 Julai
Aibu. Mawe, mama wee, aibu!
Simu imelia nikichekecha unga wa bukari, ugali wetu. Nikadhani Nadège. Nikabonyeza. Kumbe Fabrice, kapiga ya vidéo! Uso mzima, ndevu na meno yote. Alitaka kunionyesha viganja. Na mimi kichwa wazi, kitambaa kiko begani. Nimeitumbukiza simu kwenye unga.
Najua alifurahi tu kwamba makofi ameyapatia. Lakini uso ni uso. Nimeacha kufundisha.

Jumapili, 13 Julai
Siku nne bila sauti. Nadège: "Mama, ni telefone tu, haiko yeye." Nimemkatia.
Misa sikuisikia vizuri. Nilikuwa nahesabu siku sita zilizobaki. Nikiendelea kununa, atakayeumia ni mwanangu. Tena niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: nimemkumbuka huyo kijana. Alikuwa ananijibu kila asubuhi, vibaya, kwa bidii. Darasani nilikuwa na batoto hamsini wanaitikia pamoja, na sikujua nani amelala. Huyu namsikia hata akimeza mate.

Jumatatu, 14 Julai
Shangazi yake Fabrice, anayekaa upande wa Luano, amekuja na kuku mweupe, miguu imefungwa. Kuku wa kuomba radhi. Lazima Nadège ndiye kamnong'oneza. Vizuri, basi hajasahau yote huko Ulaya. Nimepokea kwa mikono miwili. Kosa limekwisha. Usoni bado sitamtazama.
Nimesugua telefone kwa mswaki wa zamani. Sauti ya kumi na mbili. Kuku amepiga kelele katikati, nikamfokea. Sikurudia.

Ijumaa, 18 Julai
Wameshuka uwanja wa ndege wa Luano salama. Nadège amekuja kulala hapa, amekonda. Fabrice yuko kwa shangazi. Mimi nafagia tena sebule, kama siku ya inspekta wa shule.

Jumamosi, 19 Julai
Nilikaa jikoni nyuma ya pazia, rido imefungwa. Nikasikia viti. Kisha makofi, polepole. Kisha akaanza kuamkia. Alikohoa pale nilipokohoa mimi. Alivuta pumzi pale ninapovuta. Mtoto wa watu alidhani yote ni salamu! Nikangoja amfokee na kuku. Hilo hakuliiga, alinusurika.
Akamaliza. Nikasema basi, watamcheka, nimemharibia mwanangu.
Yaya Ilunga ndiye aliyesema, sauti imeshuka: "Aba. Ule mutoto anasema sawa mama yetu."
Mama tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Sikujua kwamba nasema kama yeye. Yaya hakuwahi kuniambia. Nililia ndani ya kitambaa, Nadège kanishika mgongo.
Wazee wamekubali. Wamekula. Kisha mgeni akashindwa kuondoka, maana kuaga sikumfundisha, na bila kuaga wazee huwezi kuinuka. Yaya amemwambia abaki tu. Giza linaingia, na bado nawasikia hapo sebuleni. Yaya anamrekebisha, yeye anarudia.