Uso Wako Niliutia Kwenye Bahasha

Kwako Baba Atupele, uliyelala kaburini Mbebe, Ileje,

Leo sina salamu ndefu. Nimepoteza picha yako. Basi, nimeshasema. Ningeanza na habari za mvua na mahindi ungejua mara moja kuna jambo nimelifunika, maana unanijua. Ile picha ya koti, ile moja tuliyokuwa nayo, haipo. Hakuiiba mtu, wala panya hawakuila. Niliitia kwenye bahasha kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipeleka posta hapa Tunduma, nikamtumia mtu ambaye sijamwona hata kisigino.

Barua hii naitoa hadharani, wataisoma na wengine. Waache waisome. Labda kuna bibi mahali fulani ameshika bahasha muda huu, ataiweka chini.

Unaikumbuka siku ya picha ile? Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu wa milimani anateremka Tunduma na gunia lake. Sisi tuliteremka na maharage. Tukauza kabla jua halijakaa sawa, tukavuka mpaka kwenda Nakonde kununua sabuni na sukari, tukarudi huku. Ukasimama mbele ya kibanda cha mpiga picha ukaniambia, "Mama Atupele, ngoja tupige picha, tusije tukafa kama kuku."

Mpiga picha alikuwa yule mtu wa Tanga mwenye kofia ya kufuma. Ukutani kwake alikuwa amechora ndege inapaa. Akakutazama juu mpaka chini, akasema, "Mzee wangu, kwa shati hilo mimi naona haya. Vaa koti langu." Ukavaa. Mikono ya koti ikakupita vidole. Mimi nikasema, "Umefanana na mtu aliyeiba koti msibani." Ukaanza kucheka, ukajizuia, ukacheka tena, mpaka yule bwana akaacha kamera yake akanigeukia: "Mama, heshima yako, naomba usimame nje ya pazia. Unamharibu mzee."

Nikasimama nje ya pazia, lakini pembeni nikaacha upenyo wa jicho moja. Ndiyo sababu mimi simo. Na ndiyo sababu kwenye picha umebana midomo kama mtu aliyeweka maji mdomoni, na macho yako hayamtazami mpiga picha. Yananitazama mimi. Kila mtu aliyeiona alidhani una wasiwasi wa mjini. Mimi peke yangu ndiye niliyejua unatazama nini.

Baada ya hapo ulikataa kupiga nyingine. Ulisema moja inatosha, wewe si waziri. Na vile vitambulisho vya kura vyenye picha vilikuja wakati umeshalala. Kwa hiyo ilibaki hiyo.

Sasa sikiliza ilivyotokea. Mdogo wako Ambakisye aliitisha kikao, akasema kaka amelala chini ya udongo mtupu vya kutosha, tumjengee kaburi, tuweke msalaba, watu wasali na wale. Wote tukakubali. Kila mtu akasema analeta nini. Huyu saruji, huyu mchanga, huyu mbuzi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasimama nikasema, "Uso nitauleta mimi." Maana hapa Tunduma nilikuwa nimeona kaburi lenye kibao cha marumaru, picha ya marehemu imechomwa humo ndani kabisa, anakutazama kama yuko dirishani. Nikasema na wangu atazame.

Nikaja kwa Atupele, huku Chapwa, hapa hapa Tunduma. Nilibeba gauni mbili tu, nilisema nakaa wiki mbili. Mwanao anauza vitenge sokoni na simu haimtoki mkononi. Akatafuta humo kwenye mtandao, akapata mtu anayetengeneza vibao hivyo, anakaa Dar es Salaam. Picha nzuri nzuri. Mvua haifuti, jua halibabui, ameandika mwenyewe. Tukampigia. Sauti tamu kama ya katekista. "Shikamoo mama. Ondoa wasiwasi kabisa, mama yangu, mzee wetu tutamtengeneza mpaka mtamwitikia." Hela sitaisema, ilikwenda kwa simu na haikuniuma sana. Hela huwa inakwenda.

Yule mtu akataka tumtumie picha kwa simu. Atupele akakuweka dirishani, akakupiga na simu yake. Nikaangalia. Baba Atupele, hukuwa wewe. Paji la uso limekuwa jeupe, sikio moja limemezwa na ile ndege ya ukutani, macho yamekuwa mashimo. Nikasema, "Hii ni chai ya majani yaliyochemshwa jana. Mtumie ile yenyewe."

Atupele akaniambia, "Mama, hapana. Hiyo haitoki hapa. Kesho naipeleka kwenye duka la fotokopi, wana mashine, wataitoa vizuri."

"Mashine itamjua baba yako kuliko mimi?"

"Mama, nimesema haitoki."

Alikuwa na haki. Mtoto wako ana kichwa chako. Mimi nina kichwa changu.

Asubuhi yake alipokwenda sokoni, nilichukua daftari lake alimokuwa amenakili sanduku la posta la yule mtu kutoka kwenye tangazo. Nikakata boksi la sabuni nikakuegemeza humo usikunjike. Nikaandika anuani mwenyewe, yake mbele na ya kwetu nyuma, herufi moja moja. Unajua shule sikuiona hata kwa mlango. Wewe ndiye uliyenisomesha, na ulinisomesha kwa kitabu cha nyimbo za kanisani, kwa sababu nyimbo zote nilikuwa nazo kichwani. Ulikuwa unaniambia, "Imba polepole, kidole kifuate." Nikaimba mwaka mzima mpaka siku moja kidole kikatangulia mdomo. Uliruka ukamwaga uji. Basi elimu hiyo hiyo uliyonipa kwa jasho lako ndiyo niliyoandikia ile bahasha. Ningekuwa sijui kusoma, leo ungekuwa ndani ya lile sanduku la nguo, umelala salama kati ya kanga.

Kijana wa posta aliniuliza kwa adabu, "Bibi, ndani kuna kitu cha maana? Tuiandikishe? Utapewa namba, ikipotea tunaifuatilia." Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akasema bei inaongezeka kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, barua zote si zinapanda gari moja?" Akacheka, akagonga muhuri. Simlaumu. Niliona nimemweza. Nilitoka pale natembea kama mke wa mkuu wa mkoa.

Yule mtu alisema imefika. Akasema kazi imeanza. Baada ya hapo akasema, "Mzigo uko njiani, mama." Wiki iliyofuata, "Uko Mbeya, mama." Nyingine, "Ni hawa watu wa magari tu, mama, lakini uko njiani." Halafu simu ikawa haipokelewi, halafu ikawa ni yule dada anayesema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nimempigia mpaka nimemzoea, siku moja nilimjibu "ahsante mwanangu." Atupele akaenda kuangalia kule kwenye mtandao, akakuta duka lenyewe halipo. Limefutika lote, vibao vyote, nyuso zote za watu.

"Mama, tumepigwa," akasema. Hakunigombeza. Alikaa pale kwenye kigoda, bado ana mkoba wa sokoni begani, akalia kama siku ile tulipokuzika. Afadhali angenigombeza.

Nilikwenda kumtafuta yule mtu wa Tanga. Nilijua wapiga picha wa zamani walikuwa wanatunza zile filamu. Kibanda kimekuwa duka la simu. Mwenye duka ni Mwislamu mpole sana, alinipa kiti na soda, akaniambia yule mzee alirudi kwao miaka mingi iliyopita na amekwishafariki. Nikanywa soda, nikaangalia ukuta uliokuwa na ndege. Umepakwa rangi ya bluu.

Wiki mbili nilizoaga zimekuwa miezi mitano. Na hapa ndipo ninapotaka unielewe, mume wangu, maana watu wanadhani nimependa mji. Mlima wetu uko pale. Gari la Ileje linaondoka kila siku, mchana ningekuwa jikoni kwangu. Lakini nitashukaje garini mikono mitupu, na kikao kizima kilinisikia nikisema uso nitauleta mimi? Nikaona nisubiri wiki moja tena, labda yule mtu ataona huruma, labda bahasha itarudi. Kila Jumanne na Ijumaa naenda posta. Yule kijana akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijasalimia. Usiku malori yanayongoja kuvuka mpaka yamepanga foleni, yananguruma hayaendi popote, na mimi hivyo hivyo.

Ambakisye alipouliza mbona sirudi, nikamwambia goti. Nimeushika uongo wangu wa kwanza tangu uondoke na umenikaba kweli. Akina mama wa kanisani wamenichangia dawa ya goti, wameituma na gari, chupa mbili, inanuka mpaka majirani wanafunga madirisha. Naipaka kwenye goti zima lisilouma! Nikikutana na mtu wa Ileje sokoni naanza kuchechemea. Juzi nilisahau mguu upi, mama mmoja akaniuliza, "Bibi, limehamia upande huu?" Nikamwambia yameungana.

Ungecheka. Nacheka na mimi. Halafu nikifika nyumbani nafunga mlango.

Kinachoniogopesha si aibu, aibu nimeila sana duniani. Mjukuu wako Neema, ambaye hakukukuta, aliniuliza tukiwa tunachambua mchele, "Bibi, babu alikuwaje?" Nikafungua mdomo. Nikaanza na koti. Mikono mirefu ya koti naiona. Ndege naiona. Midomo iliyobanwa naiona. Nikafika kwenye macho, nikaona ya Ambakisye. Nikarudi nikaanza upya, yakaja yale mashimo ya kwenye simu. Mtoto anangoja. Nikamwambia, "Alikuwa mzuri." Akasema, "Lakini alikuwaje?" Nikamfukuza akacheze.

Na wewe uliyechukua bahasha, kama macho yako yamepita hapa: marumaru sitaki tena. Hela kula, ikushibishe. Lakini kile kikaratasi, kwako ni takataka. Hakuna duniani atakayekinunua. Kirudishe kwenye lile sanduku la posta la nyuma ya bahasha, niliandika mwenyewe, linasomeka.

Jana Ambakisye alipiga simu. Akasema, "Shemeji, zege limekauka. Msalaba umesimama. Mafundi wameacha nafasi ya mraba, kipimo kile kile ulichotupa. Jumamosi watu wanakuja. Kibao unacho?"

Nikahamishia simu sikio la pili. Akasema, "Haloo? Shemeji?"

"Sina."

"Hakijafika?"

"Hakitafika, na picha niliyotuma haitarudi."

"Picha ipi?"

"Ile ya koti."

Mara nikasikia anapenga kamasi. Kaka alikuwa wake pia, nilikuwa nimesahau. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kunihurumia, "Basi shemeji, usijitese. Wewe baki huko huko. Nitawaambia watu goti limezidi. Ile nafasi mafundi wataiziba na saruji, hakuna atakayejua."

Baba Atupele, mdogo wako ana moyo mzuri. Lakini niliposikia maneno yale nilijisikia kama mtu anayefungiwa mlango kwa upole. Goti lizidi mpaka lini? Nikifa ndiyo nirudi?

Nikamwambia, "Goti langu zima. Tangu mwanzo lilikuwa zima. Na mtu asiguse ile nafasi. Nakuja Ijumaa."

"Utawaambia nini watu, shemeji?"

"Nitawaambia nilivyofanya."

"Wote?"

"Na mchungaji."

Usidhani nimejinasua. Nitapanda gari, lakini najua nikiwa kule masikio yatabaki huku posta, Jumanne na Ijumaa, mpaka na mimi nije nilale hapo pembeni yako. Nimemwachia Atupele kazi ya kuuliza. Amekubali bila kunung'unika, na hilo nalo linaniuma.

Jumamosi wakishaimba, nitasimama mbele ya ule mraba mtupu, Neema nimemshika mkono. Nitakuelezea kwa maneno, nianze na paji lako la uso nishuke taratibu mpaka kidevuni, mbele ya ndugu zako wote waliokuona. Wapo watakaobisha, unawajua. Wabishe, hivyo ndivyo mtoto atakavyokupata. Kwenye macho nitasimama kidogo. Yasipokuja yako, nitasema kwa sauti kwamba hayajaja.

Nikikosea pua, nivumilie.

Mimi mkeo,
Mama Atupele