Nikioga, Tutanyimwa Unga?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi maana siku hiyo afisa wa chakula cha serikali anarudi kwetu, mume wangu anasukuma mkokoteni sokoni na mimi nafua nguo za watu, kwa hiyo kazi tunazo na njaa pia tunayo, sasa mara ya kwanza huyo afisa aliingia akatazama sakafu nilivyoipiga deki, akawatazama wanangu wawili wananukia sabuni, akacheka, "Mama, mbona hapa hapafanani na njaa?" akaondoka bila kufunua hata sufuria, na jirani yangu Mama Pacha, ambaye yeye hajawahi kukosa mgao, akaniambia, "Mwenzangu, umejiponza, msaada hauji kwa wanaong'aa, wapake majivu, na huyo mdogo umfundishe kukohoa," basi jana nikaanza kumpaka binti yangu mkubwa, na ndio kwanza mwalimu kamsifu kwa usafi, akalia akaniuliza, "Mama, nikioga, tutanyimwa unga?" nikamfuta majivu kwa upindo wa gauni langu, lakini debe la unga ni tupu na mimi bado nina matumaini, je, nimchafue au nimwache?

Mama Mfuaji

*

Mama Mfuaji, pole kwa kosa lako kubwa la kupiga deki. Hukuambiwa kwamba maskini halisi hutambulika kwa kamasi? Na mumeo asukume mkokoteni taratibu, asije akaonekana anajiweza!

Sasa nikugombeze. Majivu uliyashikaje, wewe? Mtoto akishajua kwamba chakula huja kwa kujidhalilisha, hapo utamsugua kwa sabuni gani? Mama Pacha simlaumu, ana matumbo ya kulisha, na amemsoma afisa vizuri kuliko afisa anavyozisoma nyumba zetu. Ila majivu yake mwachie.

Alhamisi waogeshe. Piga deki mpaka bwana mkubwa ateleze. Akianza vicheko vyake, mpeleke jikoni, mpe debe alitikise mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwambie, "Baba, sabuni ni kitendea kazi changu. Unga ndio sina." Mumeo awepo, aseme anachopata kwa kutwa. Mkikataliwa tena, nenda kwa mkubwa wake na watoto hao hao, nguo zimepigwa pasi.

Na binti usimlaze na swali lile. Mjibu leo: "Oga, mwanangu. Njaa yetu haiko usoni pako, iko kwenye debe."